Barua pepe ya "benki": soma anwani kabla ya kubofya

Kampuni za utalii za Arusha na hoteli za Moshi hulipwa na wageni walioko ng'ambo, na matapeli wanalijua hilo. Barua yao husema malipo yamekwama, fungua kiambatisho cha SWIFT, yaani hati ya mtandao ambao benki hutumia kwa malipo ya kimataifa. Kiambatisho kikiishia na .html, usikiguse: hufungua ukurasa unaofanana na wa barua pepe yako na kukuomba nywila. Hati ya malipo haina haja na nywila yako ya barua pepe.

Jina la mtumaji si ushahidi, kwani yeyote anaweza kujiandika "Huduma kwa Wateja". Libonyeze uone anwani kamili. Hata ikiwa sahihi, usitulie. Anwani nayo hughushiwa.

Kwenye kiungo ndiko wengi wanakonaswa. Kwenye kompyuta, weka kishale juu yake bila kubofya. Kwenye simu, kikandamize mpaka anwani itokee, usikifungue. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha soma ukirudi kushoto. Katika https://benkiyako.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia mwenye ukurasa ni hakiki-akaunti.com, hayo ya mbele ni mapambo tu. Alama ya kufuli nayo isikudanganye: inaonyesha mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi unawasiliana na nani. Tapeli naye huipata, tena bure.

Kwa hiyo usiingie benki kupitia barua. Fungua programu ya benki, au andika anwani mwenyewe, au piga namba iliyo nyuma ya kadi, kamwe si ile iliyo ndani ya barua. Namba ya siri, tarakimu tatu za nyuma ya kadi na namba ya uhakiki inayokuja kwa SMS hazitajwi kwa mtu, hata anayejiita meneja wa tawi.

Umeshajaza? Pigia benki kwanza wafunge kadi na akaunti. Nywila itafuata, nayo ibadilishe kwa kifaa kingine. Kama uliyotoa ni ya barua pepe, ingia kwenye mipangilio ukague usambazaji wa barua: mara nyingi tapeli huweka agizo la kujitumia nakala ya kila ankara, nalo hubaki likifanya kazi hata baada ya kubadili nywila. Lifute, kisha uviondoe kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia.

Akikufuata kwa SMS, za mtindo wa "ile hela tuma namba hii", ipeleke 15040, namba ya kuripoti SMS za utapeli. Barua pepe usiifute. Polisi watataka kuiona.