Somo: Namna ya kumwomba mbunge fedha za kuokoa ziwa

Habari zenu wanachama. Leo tuingie kwenye kazi ambayo wapenda mazingira wengi tunaikwepa: kwenda kwa mbunge kuomba fedha. Kupanda miti na kuokota plastiki ufukweni ni kazi njema, lakini mtambo wa kusafisha maji taka haujengwi kwa kujitolea. Unajengwa kwa bajeti.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini. "Tusaidie kulinda ziwa" si ombi. Mbunge atakubali, mtapiga picha, yataishia hapo. Chagua kitu kimoja: kukarabati mtambo fulani, au kurudisha ardhi oevu pale mto unapoingilia ziwani. Taja kiasi, idara itakayopokea, na fungu lake la bajeti lilipewa kiasi gani mwaka uliopita.

Hatua ya 2: Wahi. Siku bajeti inaposomwa bungeni, mengi yameshaamuliwa. Anza wizara zinapoandaa makadirio, kisha rudi kamati inapoyachambua.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja. Ombi na kiasi juu kabisa, sababu katikati, namba ya simu chini. Sababu iguse maisha ya watu. Agosti 2014 mwani wenye sumu ulitanda Ziwa Erie, na jiji la Toledo, Marekani, likawakataza watu zaidi ya 400,000 kunywa maji ya bomba kwa siku kama tatu. Hata kuyachemsha hakukufaa: sumu ile haiondoki kwa moto, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Mwani huo hustawi kwa fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na maji taka, ambayo huko Erie kwa sehemu kubwa hutiririka kutoka mashambani. Mbunge akisoma hayo, haoni tena ziwa kama mandhari tu. Anaona wapiga kura wasio na maji.

Hatua ya 4: Nenda na watu wanaofaa. Watatu au wanne wanatosha: mvuvi, mhandisi wa maji, mkulima. Huyo mkulima msimsahau. Akisema mwenyewe kwamba yuko tayari kuacha ukanda wa majani kando ya mto, wa kuchuja mbolea isiingie majini, iwapo atafidiwa, hakuna atakayedai mnawapiga vita wakulima.

Hatua ya 5: Fuatilia. Fedha zilizotengwa si fedha zilizotolewa. Mshukuru mbunge kwa maandishi, kisha kila robo mwaka uliza kiasi gani kimefika. Hapa ndipo vikundi vingi hulegea, na inaniuma, maana kazi ngumu huwa imeshafanyika.

Maswali ya wanachama

*Serikali yenyewe ndiyo inataka kukata fedha, na mbunge wangu ni wa chama tawala. Nijisumbue?*

Jisumbue sana. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ilipendekeza kufuta kabisa fedha za mpango wa kurejesha afya ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ulioanza 2010. Wabunge wa majimbo yanayozunguka maziwa hayo, wa vyama vyote viwili, walikataa, na Bunge likaupa dola milioni 300. Zungumza naye kuhusu jimbo lake, siasa za chama ziacheni nje.

*Akiuliza matokeo yataonekana lini?*

Msimdanganye. Fosforasi iliyotuama kwenye tope la chini huendelea kurudi majini hata baada ya uchafu kuzuiwa, hasa kwenye maziwa ya kina kifupi. Ndiyo maana tunaomba fedha za miaka kadhaa mfululizo. Lakini matokeo yapo: kando ya Seattle, maji taka yaliyokuwa yakiingia Ziwa Washington yalielekezwa kwingine kati ya 1963 na 1968, na kufikia miaka ya 1970 maji yalikuwa yamerudi kuwa maangavu.

*Nimeandika barua, hajibu.*

Mtafute msaidizi wake anayeshughulikia mazingira au bajeti. Mara nyingi yeye ndiye anayesoma ule ukurasa na kumwandalia mbunge hoja. Mpe nakala mkononi, na mwombe tarehe ya kikao kabla hujaondoka.