Chuo kidogo ama yunivasiti kubwa ya Marekani: namna ya kuchagua ukiwa hapa Mombasa

Mwezi wa tatu majibu ya vyuo vya Marekani yakianza kuingia kwa imeli, kuna nyumba hapa Mombasa huwa hazilali. Mtoto amekubaliwa pahali pawili, kumoja ni yunivasiti kubwa ambayo hata ami yake alioko Dubai ashaisikia, kwingine ni chuo kidogo kiko kwa mji ambao kwenye ramani mpaka uutafute. Baba ataka ile kubwa, mama auliza huko kuna nani wa kumtazama mwanawe, na mtoto mwenyewe ashapenda picha za uwanja wa mpira. Mimi huwasaidia vijana wa mtaani na hizi fomu na naona watu wengi sana wanachagua kwa jina tu, na jina ndio kitu cha mwisho kuangalia. Angalia nani atakufunza mwaka wa kwanza na wa pili, na nyumbani mtatoa shilingi ngapi mpaka umalize. Ukiyajua hayo mawili vizuri, mengine mengi yatajijibu.

Wazazi kwanza niwatoe wasiwasi. Hivi vyuo vidogo, kina Williams, Amherst, Swarthmore, Grinnell, Carleton, Macalester, si vyuo vya dipuloma. Vinatoa digrii kamili ya miaka minne. Williams iko tangu 1793 na ina wanafunzi 2,000 na kidogo, karibu wote wa digrii ya kwanza, wakati Ohio State yenyewe ina zaidi ya 60,000. Kofi Annan alimaliza Macalester 1961. Na Wangari Maathai wetu, 1960 alipopelekwa Marekani aliingia chuo kidogo cha masista kule Atchison, Kansas, kikiitwa Mount St. Scholastica, akasoma bayolojia akamaliza 1964, ndio baadae akaenda University of Pittsburgh kwa masters akaipata 1966. Shika huo mpango wake, kidogo kwa digrii ya kwanza alafu kikubwa kwa masters, manake watu husahau kwamba hulazimiki kuchagua kimoja maisha yako yote.

Sasa masomo. Sisi tumezoea KUCCPS, unachagua kozi kabla hujakanyaga darasani na ukipewa bcom mara nyingi ni bcom mpaka mwisho. Kule kwa vyuo vidogo unaingia bila kujifunga, mwaka wa kwanza na wa pili unasoma kemia, historia, uchumi, hata Kiarabu ukitaka, alafu mwisho wa mwaka wa pili ndio unatangaza meja, yaani somo lako kuu. Yunivasiti kubwa nyingi pia zina nafasi hio lakini mara nyingi unaomba moja kwa moja kwa kitivo, na kuhama kutoka kitivo kimoja kwenda uinjinia ama biashara ni shughuli, wengine hukataliwa kabisa. Kwa hivo kama hujui unataka nini, na wengi wa miaka 18 hawajui hata wakisema wanajua, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Fanya hivi. Usisome ile kurasa ya mbele ya websaiti yenye watoto wanacheka chini ya miti. Tafuta ratiba ya madarasa ya muhula, vyuo vingi huiacha wazi mtu yeyote aone. Chagua kozi moja ya mwanzo ya kitu unachokitaka, tuseme kemia ya kwanza, alafu tazama vitu viwili, nafasi ni ngapi na jina la anaefundisha. Kwa yunivasiti kubwa utaona ukumbi mmoja wa watu mia mbili, mia tatu, na chini yake vikundi vidogo vidogo vinavyoshikwa na wanafunzi wa masters ama PhD, hao ndio watakaosahihisha kazi zako na kukujibu maswali. Kwa chuo kidogo utaona darasa la ishirini, thelathini, na jina ni la profesa mwenyewe, na labu pia mara nyingi yuko yeye. Alafu fungua kozi za mwaka wa tatu uone. Hapo kubwa inaanza kupata nguvu, kozi ni nyingi mno, kuna mambo ambayo chuo kidogo hakina hata mtu mmoja wa kuyafundisha, na ukiwa na meja ya nadra utakuta chuo kidogo kina maprofesa watatu na mmoja yuko likizo.

Williams wana kitu wanaita tutorial, hii napenda kuwaonyesha wazazi. Wanafunzi wawili na profesa mmoja. Wiki hii wewe umeandika insha ya kurasa tano ama saba unaisoma mbele yao, mwenzako kazi yake ni kuichambua na kukuuliza, wiki ijayo mnabadilishana. Hebu fikiria mtoto aliekaa darasa la watu hamsini na kitu miaka minne akinakili notsi za ubaoni, leo anaulizwa yeye anafikiri nini na hakuna mtu wa kujificha nyuma yake. Mwanzo ni mgumu kweli kweli, lakini mimi naamini ndio kitu bora ambacho vijana wetu wanaweza kupata huko, kuliko jina. Na profesa aliekaa na wewe namna hio, ukimuomba barua ya kukupeleka masters ama kazini anaandika kuhusu wewe, si kuhusu namba. Kwa yunivasiti kubwa barua kama hio yapatikana lakini lazima uitafute, uende ofisini kwa profesa masaa yake ya kuona wanafunzi, ujitambulishe, urudi tena na tena. Kama mtoto ni mkimya wa kuona haya kugonga mlango, muulizeni ukweli kama ataweza.

Kuna watu ambao mimi ntawaambia moja kwa moja waende kubwa. Unataka uinjinia, unesi, akitekcha, basi vyuo vidogo vingi havina. Uinjinia upo Swarthmore, Smith ambacho ni cha wasichana, Lafayette, Harvey Mudd na vingine vichache. Na kabla hujaingia uinjinia popote nje, ulizia Engineers Board of Kenya digrii hio wanaichukuliaje, kama una mpango wa kurudi kufanya kazi bandarini ama KPLC. Udaktari ni habari nyingine, Marekani udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza na mwanafunzi mgeni kupata nafasi hapo ni vigumu sana, kwa hivo mwenye haraka ya kuwa daktari asome hapa hapa Kenya.

Pesa sasa, na hapa nawaomba mtulie. Chuo kidogo chenye uwezo, gharama ya mwaka mmoja ikiandikwa yote, fii na chumba na chakula, yapita dola 80,000. Mzazi akiona hio anafunga kompyuta. Usifunge. Hivi vyuo vina wakfu. Grinnell ina wanafunzi kama 1,700 na wakfu wake wapita dola bilioni 2, na mapato yake ndio yanayolipia watoto wasiojiweza. Amherst na Bowdoin hata wakati wa kuamua nani aingie hawaangalii kama mwanafunzi wa nje ana pesa, na wakimchukua wanajaza pengo lote wanaloona familia haiwezi. Berea kule Kentucky hawatozi karo mtu yeyote, lakini kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni si chini ya masaa 10 kwa wiki. Yunivasiti za serikali zao zinategemea pesa ya jimbo, na jimbo linasaidia watoto wake kwanza, mgeni ndio analipa bei ya juu.

Kwa hivo barua zikija usiangalie skolashipu ni ngapi, angalia kilichobaki. Tuchukue mfano. Chuo kidogo gharama dola 85,000, wamekupa granti, yaani msaada usiorudishwa, 79,000, imebaki 6,000, na kwa shilingi 130 kwa dola hio ni 780,000 kwa mwaka. Yunivasiti kubwa gharama 58,000, wamekupa skolashipu 20,000, nyumba nzima imeshafurahi mbuzi anatafutwa, lakini imebaki 38,000, yaani shilingi 4,940,000 kwa mwaka mmoja, na miaka minne inakaribia milioni 20. Alafu soma maandishi madogo. Je, hio skolashipu ni ya miaka yote minne? Kuna alama ukishuka wanaiondoa? Fii ikipanda na wao wanaongeza? Bima ya afya imo ndani ama ni juu yako, na tiketi ya ndege je? Kama kuna mstari wa mkopo, huo si msaada, utoe kwenye hesabu. Kazi ya chuoni nayo msiitegemee sana, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kupita masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo na ni ndani ya chuo, na masaa 10 kwa dola 12 ni 120 tu kwa wiki, hio ni ya sabuni na vitabu na jaketi la baridi. Na kabla ya viza chuo chataka kuona mna pesa ya ile sehemu yenu ya mwaka wa kwanza, iko benki, si ahadi ya ami.

Maisha ya huko wengi hawaulizi mpaka mtoto ashafika. Carleton iko Northfield, Minnesota, na Minneapolis yenye Wasomali wengi na misikiti na nyama halali iko kama Mombasa na Kilifi kutoka hapo. Macalester iko St. Paul kwenyewe, jirani kabisa. Kwa mtoto wa hapa tofauti hio ni kubwa kuliko anavyodhani. Andikeni imeli muulize, Ijumaa kuna swala chuoni ama watu wanakodi gari, Ramadhani chakula cha daku kinapangwaje, mabweni yanafungwa Disemba na mwanafunzi asie na tiketi ya kurudi anakaa wapi. Yunivasiti kubwa hapa mara nyingi wako mbele, jamii ya Waislamu ni kubwa na Wakenya utawakuta. Omba pia wakuunganishe na mwanafunzi mmoja Mkenya aliepo saa hizi, mpigie, muulize mwezi wa pili theluji ikiwa imejaa huwa anafanya nini jioni.

Na tarehe. KCSE inaisha mwezi wa 11, dedilaini nyingi ni mwanzo wa Januari, kwa hivo wengi huomba msimu unaofuata. Ukingojea ukaingia TUM pale Tudor ama Pwani kule Kilifi, uliza kwanza, manake vyuo vingine vya Marekani vitakuhesabu ni transfa, mtu anaehama chuo, na pesa ya transfa wa nje ni haba. Na ile ya kuomba mapema ya kujifunga, ukikubaliwa umefungwa, huwezi tena kulinganisha ofa, kwa hivo iombe tu kama hicho chuo ni chako hata bila ofa nyingine.

Jibu lako vyuo vingi vinalitaka kufikia tarehe 1 Mei. Kabla ya hapo kama chuo unachokitaka ndio kina pengo, andikia ofisi yao ya misaada, uwaambie kwa adabu nyumbani kipato ni hiki, tuko watoto watano, baba biashara imeshuka, na uambatanishe stakabadhi na ile ofa nyingine. Fanya hivo mwanzo wa mwezi wa nne wala si tarehe 29, manake wanachukua siku kujibu, na usilipe dipoziti popote mpaka jibu la maandishi liwe mkononi.