Somo: Tengeneza kontena ukiwa Malindi, iendeshe kwenye klasta ya mbali

Somo hili ni la walio na ruhusa ya kutumia klasta (kundi la kompyuta zilizounganishwa kufanya kazi pamoja) ya chuo au taasisi, wanakaa Malindi, Watamu au Lamu, na programu yao inayokubali vizuri kwenye laptopu ikifika kule inagoma: toleo la Python si lile, maktaba ya kusoma faili za data za netCDF haipo, na huna mamlaka ya kuweka chochote. Mfano wetu ni programu ya Python inayosoma data ya mawimbi ya bahari mbele ya mdomo wa Sabaki na kugawa hesabu kwa MPI, njia ya michakato mingi kuwasiliana ikifanya hesabu moja. Kama yako ni nyingine, badilisha majina tu.

Kabla ya kugusa kibodi, elewa tofauti moja. Kontena ni faili inayofunga programu pamoja na maktaba zake. Mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) hubeba kerneli yake yenyewe, yaani moyo wa mfumo endeshi; kontena haibebi. Ichukulie kama jahazi: shehena na chakula ni vyake, lakini bahari na upepo ni vya pale linapofika. Bahari ni kerneli. Upepo ni draiva za kadi ya michoro, mtandao wa ndani wa klasta, na Slurm inayopanga foleni. Karibu kila kosa lililoandikwa hapa chini linatokana na mtu kudhani jahazi limebeba na bahari.

Tutatumia Apptainer, programu ya kujenga na kuendesha kontena. Ni ile ile iliyoanzishwa mwaka 2015 katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, kwa jina la Singularity. Ilipoingia Linux Foundation mwaka 2021 ikabadilishwa jina. Ukikuta klasta ina amri ya singularity pekee, hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Kagua mashine yako

uname -m

Jibu ni aina ya prosesa: liwe x86_64 ikiwa klasta ni ya aina hiyo, na nyingi ndivyo zilivyo. Acha nafasi ya GB 20 kwenye diski. Wa Windows watumie WSL2 (Linux ndani ya Windows), na faili wazihifadhi ndani ya Linux yenyewe, si chini ya /mnt/c. Huko ni mwendo wa konokono na ruhusa za faili huvurugika.

Hatua ya 2: Weka Apptainer (Ubuntu)

sudo add-apt-repository -y ppa:apptainer/ppa
sudo apt update
sudo apt install -y apptainer

Hatua ya 3: Andika faili ya maelekezo, mawimbi.def

Bootstrap: docker
From: ubuntu:22.04

%post
    export DEBIAN_FRONTEND=noninteractive
    apt-get update
    apt-get install -y --no-install-recommends ca-certificates build-essential python3-dev python3-pip openmpi-bin libopenmpi-dev ibverbs-providers
    pip3 install --no-cache-dir numpy==1.26.4 xarray==2024.2.0 netCDF4==1.6.5 mpi4py==3.1.5
    rm -rf /var/lib/apt/lists/*

%environment
    export LC_ALL=C
    export PYTHONNOUSERSITE=1

Namba za matoleo si mapambo. Ukiandika numpy peke yake, kontena ya leo na ya baada ya miezi sita zitakuwa vitu viwili tofauti, na matokeo yakipishana hutajua umlaumu nani.

Mstari wa PYTHONNOUSERSITE ndio unaosahaulika kuliko yote. Apptainer huingiza folda yako ya nyumbani ndani ya kontena bila kuulizwa. Kama kwenye klasta uliwahi kutumia pip install --user, vifurushi vya zamani vilivyo ndani ya ~/.local vitatangulia vile vya kontena ikiwa toleo la Python linalingana. Programu itaendeshwa, haitalalamika, na itatumia numpy usiyoitarajia.

Hatua ya 4: Jenga, kisha ijaribu ikiwa imefungiwa

apptainer build mawimbi.sif mawimbi.def
apptainer exec --containall mawimbi.sif python3 -c "import netCDF4, mpi4py; print('sawa')"

Kwa matoleo ya 1.1 na kuendelea, sudo kwa kawaida haihitajiki. Ujenzi ukikatika kwa kosa la kukosa nafasi, tatizo ni /tmp: elekeza APPTAINER_TMPDIR na APPTAINER_CACHEDIR kwenye folda yenye nafasi, kisha rudia. Kigezo --containall kinazuia folda ya nyumbani na vigeu vya mazingira visiingie. Ikifaulu hapo, ujue imejitegemea kweli.

Hatua ya 5: Ifikishe kule

Hapa ndipo bando linapoishia. Faili ya MB 500 ni megabiti 4,000. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde ni kama dakika 33, kama stima haijakatika. Tumia

rsync -P --append-verify mawimbi.sif jina@klasta:

ili ikikatika iendelee ilipoachia badala ya kuanza mwanzo. Ikifika, endesha sha256sum, inayotoa alama ya utambulisho ya faili, pande zote mbili. Herufi zikipishana hata moja, usiitumie.

Njia nafuu zaidi ni kutuma mawimbi.def peke yake, ambayo haifiki hata KB 1, na kuijenga huko huko ndani ya tmux (dirisha la amri linalobaki wazi kule), ili mtandao ukipotea kazi isife. Hili litategemea kama klasta inaruhusu watumiaji wa kawaida kujenga na kama nodi ya kuingilia (kompyuta ya klasta unayoingia kwanza) ina intaneti. Jaribu hili kwanza.

Hatua ya 6: Iingize kwenye foleni

Usianze na kazi kubwa. Anza na hii, kazi.sh:

#!/bin/bash
#SBATCH --nodes=2
#SBATCH --ntasks-per-node=8
#SBATCH --mem-per-cpu=2G
#SBATCH --time=00:10:00
export OMP_NUM_THREADS=1
srun --mpi=pmix apptainer exec --bind /scratch/$USER:/data mawimbi.sif python3 -c "from mpi4py import MPI; c=MPI.COMM_WORLD; print(c.rank, c.size)"

Kigezo --bind huingiza folda yako ya /scratch ndani ya kontena kwa jina la /data. Itume kwa sbatch kazi.sh. Unataka mistari 16, namba ya kwanza ikienda 0 hadi 15 kwa mpangilio wowote, na ya pili iwe 16 kila mstari. Ukiona "0 1" mara 16, simama hapo hapo. Maana yake michakato haijuani: umepata programu 16 zinazofanya kazi ile ile, kila moja ikiandika juu ya faili ya mwenzake, na saa zako za klasta zinakatwa mara 16. Chanzo ni kwamba Slurm na MPI iliyo ndani ya kontena hazisemi lugha moja. Endesha srun --mpi=list uone klasta inajua zipi. Kama pmix, njia ya Slurm na MPI kuongea, haimo, au imo kwa toleo lisiloelewana na la kontena, muulize msimamizi ni Open MPI gani wanayotumia, ujenge kontena kwa toleo hilo.

srun, au mpirun kama klasta yako ndiyo inayoitumia, hukaa nje ya kontena. Ukiiweka ndani haina namna ya kuanzisha michakato kwenye nodi ya pili.

OMP_NUM_THREADS nayo isipuuzwe. Baadhi ya hesabu za numpy hufungua nyuzi (kazi ndogo zinazokwenda sambamba) kwa kila kiini cha prosesa inachokiona. Michakato 8 kila mmoja ukifungua 8, ni nyuzi 64 zikigombania viini 8.

Likikubali jaribio, weka /data/programu_yako.py mahali pa ule mstari wa -c na uongeze muda.

Hatua ya 7: Kama unakodi wingu badala ya klasta

Hapo unapewa mashine pepe na wewe ndiwe mwenye mamlaka, kwa hiyo hata Docker, programu nyingine ya kontena, inafaa. Angalia mambo mawili tu. Kwa prosesa nyingi za Intel, kiini pepe kimoja ni uzi mmoja, si kiini kizima. Mashine ya 8 ina viini halisi 4, na hesabu nzito haitaenda mara nane. lscpu itakuonyesha. Pili, kuzima mashine hakuzimi bili ya diski: inaendelea mpaka uifute.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mambrui: Shukran kwa somo. Mimi nina Docker tayari na nimeizoea. Kwa nini nisiombe waiweke kwenye klasta?

Jibu: Watakataa, na wana haki. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Docker inaendeshwa na huduma yenye mamlaka ya ruti (root, mwenye mamlaka yote ya mashine). Anayeruhusiwa kuiamuru anaweza kuingiza diski nzima ya seva ndani ya kontena na kusoma faili za kila mtu. Apptainer inakuacha ndani kama ulivyo nje, mtumiaji wa kawaida. Kazi yako ya Docker haipotei lakini: docker save -o mawimbi.tar mawimbi:1 kisha apptainer build mawimbi.sif docker-archive://mawimbi.tar.

Mwanachama wa Shela, Lamu: Nimejenga kwenye Mac mpya, ndani ya mashine pepe ya Linux. Imejengwa bila kosa. Kwenye klasta inasema "exec format error". Faili imeharibika njiani?

Jibu: Haijaharibika, dada. Mac hizo ni za ARM, na uname -m ndani ya hiyo mashine pepe itakujibu aarch64. Umepeleka maelekezo kwa lugha ambayo prosesa ya kule haiisomi. Tuma .def ukaijenge kule. Kuiga x86 juu ya Mac kunawezekana ila ujenzi utachukua muda mrefu mno.

Mwanachama wa Watamu: Faili ya data ipo, naiona kwa ls, lakini Python ndani ya kontena inasema "No such file or directory". Nimeiweka ~/data.

Jibu: Endesha ls -l ~/data. Tukikisia, hicho ni kiungo kinachoelekea /scratch. Kiungo kimeingia pamoja na folda ya nyumbani, kinakoelekea hakikuingia. Ongeza --bind /scratch.

Mwanachama wa Watamu: Ni kweli, ilikuwa kiungo. Sasa inasoma, lakini inakataa kuandika: "Read-only file system".

Jibu: Unaandika kwenye njia iliyo ndani ya kontena. Faili ya .sif haiandikwi ikishajengwa. Matokeo yaelekeze /data.

Mwanachama wa Barani, Malindi: Kazi yangu inakufa baada ya dakika nne na kuandika "Killed", namba 137. Kwenye laptopu ya GB 16 inamaliza. Kontena inakula RAM?

Jibu: Kontena hailetei mzigo wa RAM wa kutajika. 137 ni 128 kujumlisha 9: mchakato umeuawa kwa ishara ya 9, na kwenye Slurm mara nyingi ni kwa kuvuka RAM uliyoomba. Kwenye laptopu unaendesha mchakato mmoja wenye GB 16; hapa kila mmoja una GB 2. Tazama sacct -j namba_ya_kazi --format=JobID,State,MaxRSS. Kama kila mchakato unafungua faili nzima ndipo ukate kipande chake, kuongeza RAM ni kupoteza zamu kwenye foleni. Fungua kwa xarray.open_dataset, chagua kipande kwa isel, kisha ndipo uite load.

Mwanachama wa Mambrui: Na kadi ya NVIDIA? Nimeweka --nv, nvidia-smi inaonekana ndani, lakini programu inasema draiva ni ya zamani.

Jibu: Draiva ni ya seva, --nv inaiingiza tu. CUDA (maktaba za NVIDIA za kukokotoa kwa kadi) uliyoweka ndani ni mpya kuliko draiva inavyoweza. Pale juu kulia kwenye nvidia-smi pameandikwa toleo la juu kabisa la CUDA ambalo draiva hiyo inalikubali. Jenga upya kwa toleo hilo au la chini yake.

Mwanachama wa Mambrui: Imeandikwa 11.4. Mimi niliweka 12.

Jibu: Basi shuka hadi 11.4. Na usitume upya hiyo .sif kwa bando lako: kontena za CUDA hufika GB kadhaa. Tuma .def.