Jinsi ya kutoka kwenye rap kwenda redio, stendapu na uigizaji ukiwa Uswidi

Kama we ni rapa uko Uswidi na umeanza kuwaza redio au komedi, la kwanza kabisa usiizike rap. Wengi wakipata tu nafasi ya kutangaza wanajinyoosha, wanaanza kuongea Kiswidi cha taarifa ya habari mpaka hata washkaji zao hawawatambui, alafu wanashangaa mbona simu hazipigwi tena. Walikuita kwa sababu ya namna unavyoongea, sasa ukiitoa hiyo umebaki na nini?

Mcheki Dogge Doggelito. Alianza na kundi la rap la The Latin Kings kule Botkyrka, kusini mwa Stockholm, albamu yao ya kwanza ikatoka 1994 na Kiswidi cha mitaa ya wahamiaji bila kuomba radhi, na miaka kumi baadaye jamaa akatoa kamusi ya lugha hiyohiyo pamoja na mwanaisimu Ulla-Britt Kotsinas. Markoolio yeye kazaliwa Lahti, Finland, na toka 1998 alikuwa anarap utani mtupu, kwa hiyo hata hakuwa na mto wa kuvuka, watu walishazoea kumcheka, na 2013 akashinda Let's Dance, shindano la kucheza dansi la televisheni ya TV4. Njia mbili tofauti kabisa ila wote walienda na walichokuwa nacho.

Mi ningepanga hivi: redio kwanza, stendapu sambamba nayo, uigizaji mwisho.

Redio kwanza kwa sababu maiki ushaizoea, kilichobaki ni kujifunza kuongea na mtu mmoja badala ya ukumbi mzima. Usianze kwa kutuma barua pepe P3, stesheni ya redio ya umma Sveriges Radio, ukiwa mtupu. Kuna redio ndogo za jamii wanaziita närradio, zilianza 1979, zinaendeshwa zaidi na vyama na sio makampuni, we tafuta chama chenye kipindi uombe nusu saa ya usiku ambayo hakuna anayeitaka. Hapo ndo utajua kumaliza sentensi kabla wimbo haujaingia, kumkata mgeni anayeongea sana bila kumuudhi, na kunyamaza. Kunyamaza ndo shida ya marapa, tunajaza kila sekunde kama vile biti bado inaenda. Ukitaka shule kabisa, ziko folkhögskola, yaani shule za watu wazima, zenye kozi za redio, ada ya masomo hakuna, malazi na chakula juu yako, na CSN, ofisi ya serikali ya kusaidia wanafunzi, unaweza kuomba ruzuku na mkopo wa kujikimu.

Ukishaingia Sveriges Radio au SVT, televisheni ya umma, kumbuka hakuna matangazo ya biashara pale, na wanatakiwa wasiegemee upande. Msikilizaji yeyote akikwazika anaweza kulalamika Granskningsnämnden, bodi inayokagua vipindi vya redio na TV, na kuipigia debe biashara hewani ni kosa hata kama biashara yenyewe ni albamu yako. Kwa rapa aliyezoea kujitaja jina kila mistari minne hii inauma kidogo.

Stendapu sasa. Hapa marapa wengi wanakuja na kiburi, wanasema stejini nishasimama sana, wanapanda na dakika tano wanashuka jasho linawatoka. Kwenye rap mstari dhaifu unabebwa na biti, huku hamna wa kukubeba, ukimya ukiingia ni wako peke yako. Fanya hivi: chukua vesi yako moja unayoona inachekesha, futa vina vyote, iandike kama unavyomsimulia mtu kwenye treni. Kama bado inachekesha hiyo ni nyenzo, kama haichekeshi kilichokuwa kinachekesha ni kina tu. Na kina kina ubaya wake, kinamfanya msikilizaji akisie neno la mwisho kabla hujalitamka, sasa akishalikisia atacheka nini? Neno lenye kicheko liweke mwisho wa sentensi na ukishalisema funga mdomo, waache wacheke. Stockholm kuna vilabu vya stendapu kama Norra Brunn na RAW, ila anza na vibaa vyenye maiki ya wazi, jirekodi kila ukipanda na usikilize ukiwa umekaa hata kama unajionea aibu. Kitu ambacho marapa tunawazidi wengine ni kumjibu mtu anayepiga kelele chini, kama umepitia batoo za marapa hiyo unayo bure.

Uigizaji sitasema mengi. Shule kubwa za serikali ziko Stockholm, Göteborg, Malmö na Luleå, kuingia ni kwa usaili mgumu, na rapa mara nyingi anaitwa kwa sura na jina lake tu. Shida ni kwamba atakachoitiwa ni muuza unga wa mtaani, kisha muuza unga mwingine, kisha kaka yake muuza unga. La kwanza kubali ujifunze kamera, la pili fikiria, la tatu kataa, ndo maana nasema uwe na redio na stendapu kwanza, mtu mwenye mshahara mahali pengine ndo anaweza kukataa.

Hela: redio na vilabu vingi watakuuliza kama una F-skatt, yaani usajili wa kodi wa mtu aliyejiajiri, unaiomba Skatteverket, mamlaka ya kodi. Ukiwa nayo unayetoa kodi ni wewe, hawakati wao, na juu yake kuna michango ya kujiajiri ya asilimia 28.97 ya faida, kwa hiyo ukilipwa krona 10,000 usiende nazo zote dukani. Alafu sajili nyimbo zako za zamani STIM, chama kinachokusanya hela za watunzi, na ujiunge SAMI, kinachokusanya za waimbaji na wapigaji, kwa sababu ukianza kusikika redioni watu watazitafuta na stesheni zitazipiga, na kama hazijasajiliwa hiyo hela haitajua ikufuate wapi.