Namna ya kusanifu hospitali ya wazee yenye hali ya nyumbani mjini Bukavu

Anayetaka kujenga hospitali ya wazee Bukavu aanze na mteremko kabla ya kufikiria rangi za kuta. Mji huu wa mashariki mwa Kongo umekaa juu ya vilima, na kiwanja tambarare ni adimu. Njia ya kiti cha magurudumu haitakiwi kuzidi mwinuko wa 1 kwa 12. Maana yake, kupanda ghorofa moja ya mita 3 kunadai njia ya mita 36, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia, na lifti si ya kutegemewa pale umeme unapokatika kila mara. Kwa hiyo vyumba vya wagonjwa, vyoo na ua viwe katika usawa wa barabara inayoingiza gari la wagonjwa, na ofisi na stoo ndizo zipande juu.

Ndani, kinachostahili kufikiriwa zaidi ni safari ya usiku kutoka kitandani hadi chooni, kwani ndiyo inayowaangusha wengi. Kitanda kiwe cha kimo ambacho mzee akiketi pembeni atakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Mlango wa choo uonekane akiwa amelala, na njia nzima iwe na reli ya kushikilia isiyokatika, sentimita 90 hivi kutoka sakafuni, pamoja na taa ndogo ya betri iliyowekwa chini. Kiti cha choo kitofautiane rangi na sakafu, maana macho ya uzeeni hayaoni vizuri cheupe juu ya cheupe. Vigae vinavyong'aa, ambavyo wenye majengo wetu wanavipenda mno, viachwe: vikilowa vinateleza, na vikiwa vikavu vinaonekana kama vimelowa.

Huku kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Jamaa anayemlinda atengewe kitanda cha kukunja na kabati, na jiko la pamoja lijengwe ng'ambo ya ua, lenye bomba la moshi, ili sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) na ugali vipikwe bila kuwakohoza waliolala. Vyumba vya vitanda viwili vyenye mapazia vinafaa kuliko vya upweke, ila kimoja kibaki kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza.

Kabati zote zifungwe ukutani kwa skrubu. Tetemeko la ardhi lililoitikisa Bukavu Februari 2008 halijasahaulika.

Kabla ya kumwaga zege, chora chumba kwa chokaa ardhini, kwa vipimo kamili, kisha umwombe mzee mwenye mkongojo atembee humo.