Ukitapeliwa kwa Simu: Kutoka Nyumbani Hadi kwenye Jalada la Mpelelezi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia za Dar es Salaam ambazo zimetapeliwa kwa simu, zimeporwa akaunti ya mtandaoni, au zinatishiwa kwa picha na mtu wasiyemfahamu. Kazi yangu ni kuandaa vielelezo vya kielektroniki kwa ajili ya mawakili. Kwa niliyoyaona katika kazi hiyo, shauri la mtandao hujengwa au hubomoka katika saa za mwanzo, mikononi mwa mlalamikaji mwenyewe, kabla polisi hawajagusa chochote.

Hatua ya kwanza: zuia fedha

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa namba 100, na benki pia kama akaunti ya benki imeguswa. Eleza kwamba muamala ni wa utapeli na uombe fedha zizuiwe. Fedha ambazo bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea zinaweza kushikiliwa, lakini zikishatolewa kwa wakala, kinachobaki ni upelelezi. Kisha ripoti namba ya tapeli kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia 15040. Taarifa hiyo husaidia namba kufungiwa, ila haifungui jalada la jinai, na wengi huishia hapo wakidhani wamekwisha kushtaki.

Hatua ya pili: usifute chochote

Aliyetapeliwa huona aibu, na aibu humfanya afute ujumbe. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", ambao karibu kila mwenye simu nchini amewahi kuupokea, hauna thamani ukisimuliwa kwa mdomo. Una thamani ukiwa bado umo ndani ya simu iliyoupokea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotunzwa bila kuchezewa. Kwa hiyo simu yenyewe ndiyo kielelezo, na picha za skrini ni nyongeza tu.

Hata hivyo, zipige, na uzipige vizuri. Picha inayoonyesha jina ulilolihifadhi wewe mwenyewe, tuseme "Fundi Bomba", haithibitishi ni nani aliyeandika. Fungua taarifa za mawasiliano hayo mpaka namba nzima ionekane. Kwa akaunti za Facebook au Instagram, nakili kiungo cha akaunti, kwa kuwa jina na picha ya mbele hubadilishwa kwa dakika moja. Chukua simu nyingine urekodi video ukiyapitisha mazungumzo yote, kuanzia ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho, tarehe zikionekana. Kama mazungumzo yamewekewa mpangilio wa kujifuta, uzime mara moja. Namba ya kumbukumbu ya kila muamala iandikwe pembeni.

Mambo mawili yaepukwe kabisa. La kwanza ni kuipeleka simu kwa fundi wa Kariakoo ili "aisafishe", kwa maana atakachokisafisha ni ushahidi wako. La pili ni kurusha jina na picha ya unayemshuku kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukikosea mtu, mshtakiwa anaweza kuwa wewe, na usipokosea, utakuwa umemtahadharisha akimbie.

Hatua ya tatu: andika mtiririko wa tukio

Ukurasa mmoja unatosha: saa, namba iliyopiga, kilichosemwa, kiasi kilichotumwa. Uandike siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: nenda kituoni

Taarifa inaweza kutolewa katika kituo chochote cha polisi, iwe ni Kituo Kikuu, Oysterbay, Chang'ombe au kile cha karibu na kwenu. Ukiambiwa kaunta kwamba makosa ya mtandao yanashughulikiwa makao makuu pekee, omba kwa upole kuonana na mkuu wa kituo, kwani jalada hufunguliwa hapo, na kitengo cha makosa ya mtandao huhusishwa baadaye. Utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha taarifa cha kituo, na utaandikwa maelezo. Yasome yote kabla ya kusaini.

Angalia usichanganye RB na ripoti ya upotevu. Mtu aliyeporwa simu kwenye daladala mara nyingi huchukua ripoti ya upotevu kwa sababu hupatikana haraka na humsaidia kurudisha laini. Ripoti hiyo haimpi mpelelezi kazi yoyote. Kama umeibiwa, sema umeibiwa.

Hatua ya tano: fahamu mpelelezi anafanya nini

Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, inamruhusu mkuu wa kituo kutoa amri ya kupekua na kuchukua kompyuta au simu, na amri ya kumtaka mwenye taarifa, ikiwemo kampuni ya simu, azitoe. Watu hudhani kwamba kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole, jina litakalopatikana ndilo jina la tapeli. Mara nyingi sivyo. Jina huwa ni la mtu ambaye wakala wa laini wa barabarani alimwambia "weka kidole tena, haijasoma", kumbe anasajili laini ya pili. Ndiyo maana mpelelezi makini huifuata fedha: ilitolewa kwa wakala gani, saa ngapi, na laini hiyo ilikuwa ndani ya simu yenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ipi. Kazi hiyo huchukua muda. Taarifa zinazoshikiliwa na kampuni zilizoko Marekani huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo kile kiungo ulichokinakili mapema kinapokuwa na kazi.

Simu yako ikichukuliwa kama kielelezo, omba hati ya ukamataji mali iliyosainiwa, yenye aina ya simu na IMEI yake, ambayo hupatikana kwa kubonyeza *#06#. Upelelezi ukikamilika, jalada hupelekwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ambayo ndiyo huamua kama mtu ashtakiwe.

Ikiwa aliyeguswa ni mtoto

Hapa utaratibu hubadilika. Picha ya utupu ya mtoto isipigwe picha ya skrini, wala isitumwe kwa mjomba au kwa mwalimu "aone ushahidi", kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao inakataza kusambaza picha za namna hiyo. Peleka simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Ushauri hupatikana pia bila malipo kwa namba 116. Anayetishia asilipwe, kwani akilipwa mara moja hurudi akiwa ameongeza dau. Na mtoto asigombezwe mbele ya askari. Akinyamaza, hakuna mwingine wa kueleza namna mazungumzo yalivyoanza.

Nyumbani, kabla ya lolote kutokea

Kila mtu mzima abonyeze *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua aende nayo kwenye duka la mtandao husika ifutwe. WhatsApp iwekewe uthibitishaji wa hatua mbili, na tarakimu zinazotumwa kwa SMS asipewe mtu, hata anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja. Kaeni mchague swali moja ambalo jibu lake linajulikana na wanandugu pekee, ili akipiga mtu kwa namba mpya akidai mtoto ameanguka shuleni na fedha za hospitali zinahitajika sasa hivi, aulizwe. Bibi aliyeko kijijini na dada wa kazi nao waambiwe swali hilo, ana kwa ana na si kwa ujumbe wa simu, na wakubaliane kwamba hakuna fedha itakayotumwa kabla mhusika hajapigiwa kwa namba yake ya siku zote.