Jinsi ya Kujenga Maktaba Inayozaa Ugunduzi katika Dwarf Fortress

Mwongozo huu ni wa mchezaji ambaye tayari anajua kuilisha ngome yake na kuilinda, lakini hajawahi kuugusa mfumo wa elimu uliomo ndani ya Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kusimamia ngome ya viumbe wafupi wa kubuni, au aliugusa mara moja, akaona wasomi wake wameketi mwaka mzima bila kuandika hata ukurasa mmoja, akauacha. Mchezo wenyewe ulitolewa kwa umma mwaka 2006 na ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, na maktaba ziliingizwa Desemba 2015 katika toleo la 0.42.01, pamoja na mahekalu na vilabu vya pombe. Nayaeleza mambo kama yalivyo katika toleo lenye picha lililoanza kuuzwa Steam, duka la michezo la mtandaoni, Desemba 2022. Wakazi wa ngome nitawaita vibeti, kwa sababu neno mbilikimo kwetu limekwisha kubeba jina la watu halisi wa misituni, na sipendi kuwachanganya na viumbe wa kubuni.

Hatua ya kwanza: fahamu elimu inakaa wapi

Usianze kujenga kabla ya kulielewa jambo hili, kwa maana makosa karibu yote niliyoyaona katika ngome zangu na za wenzangu yanatokana nalo. Wengi wetu tulijifunza michezo ya aina hii kupitia Civilization ya mwaka 1991, ambako elimu ni mali ya taifa zima: ukigundua uandishi, taifa lote limeujua papo hapo, halitausahau kamwe, na zawadi yako ni ruhusa ya kujenga maktaba. Katika Dwarf Fortress taifa halijui kitu. Anayejua ni mtu mmoja mmoja, na kile anachokijua kimo katika kichwa chake au katika maandishi aliyoyaacha. Akifa kabla ya kuandika au kumweleza mwingine, ngome imekipoteza, na itabidi kibeti mwingine akigundue upya kwa kufikiri mwenyewe.

Mada zenyewe ni mamia, zimepangwa katika nyanja tisa: falsafa, hisabati, historia, elimu ya nyota, elimu ya viumbe, kemia, jiografia, tiba na uhandisi. Si majina matupu. Mwanahisabati anaweza kufikia alama ya sifuri au uthibitisho kwa njia ya mkinzano. Mwanajiografia anaweza kueleza jinsi mvua inavyotokana na maji yaliyopanda kuwa mvuke. Tabibu anaweza kufikia upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwanahistoria anaweza kuhoji kiasi gani chanzo fulani kinaaminika. Waandishi wa mchezo waliweka mpaka wa teknolojia karibu na mwaka 1400 wa historia yetu, na ukikuta humo fikra kwamba jua ndilo lililo katikati na dunia hulizunguka, usidhani kwamba wameuvuka mpaka huo, kwa kuwa Aristarchus wa Samos aliitoa fikra hiyo katika karne ya tatu kabla ya Kristo.

Lazima pia nikueleze mapema kwamba ugunduzi haufungui kitu. Daktari wako hatapata chombo kipya kwa sababu msomi amevumbua mkasi wa upasuaji, na hakuna karakana itakayoongezeka katika menyu yako. Unachopata ni vitabu vyenye thamani, vibeti ambao haja yao ya kufikiri na kujifunza imetimizwa, wageni wenye elimu wanaovutwa na rafu zako, na historia inayoandikwa katika dunia yako kwa jina la mtu unayemfahamu. Kwangu mimi hili la mwisho linatosha kabisa kuwa sababu ya kujenga.

Hatua ya pili: andaa karatasi kabla ya wasomi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa kuwa msomi asiye na karatasi ataendelea kutafakari na hata kugundua, ila hataacha alama yoyote. Zipo njia tatu za kupata karatasi, na uchaguzi wako utategemea nchi uliyojenga ngome.

Njia nyepesi ni mafunjo. Kama yanaota katika eneo lako, yavune na uyapeleke katika karakana ya mkulima, ambako yatageuzwa karatasi kwa kazi moja tu, bila kusaga wala kushindilia.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia zaidi, ni mimea ya nyuzinyuzi. Mmea unaopatikana karibu kila ngome ni ule wa chini ya ardhi ambao mchezo unauita mkia wa nguruwe. Juu ya ardhi utapata pamba, katani na mingineyo ya jinsi hiyo. Mmea husagwa kwanza katika jiwe la kusagia mpaka uwe rojo, kisha rojo hilo hukamuliwa katika shinikizo la parafujo, likatoka karatasi. Angalizo langu ni kwamba mkia wa nguruwe ndio huohuo unaotoa nyuzi za kitambaa na pombe ya vibeti, kwa hiyo usipotenga shamba la pekee kwa ajili ya karatasi, watengenezaji wa pombe watakuwa wameumaliza kabla jiwe la kusagia halijapata zamu yake. Zuia mmea huo usitumike jikoni na kwenye pombe kupitia orodha ya matumizi ya vyakula, na utaona tofauti ndani ya msimu mmoja.

Njia ya tatu ni ngozi ya kuandikia, nayo ina mzunguko mrefu. Unachoma mawe ya chokaa katika tanuu, unaichanganya chokaa hiyo na maji katika karakana ya majivu ili upate maji ya chokaa, ndipo mtengenezaji wa ngozi anapoyatumia pamoja na ngozi mbichi ya mnyama. Ifuate njia hii tu kama ngome yako imekaa juu ya miamba ya chokaa na unachinja mifugo mingi.

Karatasi ikishapatikana, peleka kazi katika karakana ya mafundi wa vitu vidogo. Karatasi moja hukunjwa ikawa daftari. Au huunganishwa na vijiti viwili vya kuviringishia, ambavyo fundi huvichonga kwa mti au jiwe, ikawa gombo. Mimi huanza na madaftari kwa sababu hayadai kitu kingine zaidi ya karatasi yenyewe. Daftari likishaandikwa, na si kabla, unaweza kuagiza lijalidiwe kwa jalada na uzi likawa kitabu kamili chenye thamani kubwa zaidi. Wapo wanaoagiza majalada kwanza, wakashangaa kwamba kazi ya kujalidi haianzi. Haianzi kwa sababu daftari tupu halijalidiwi. Wino hauhitajiki popote.

Weka agizo la kudumu kwa msimamizi wa ngome ili madaftari matupu yasipungue kumi wakati wowote.

Hatua ya tatu: jenga chumba

Chora eneo la mikutano juu ya chumba ulichokichimba, kisha katika maelezo ya eneo hilo litengenezee mahali papya na uchague maktaba. Ndani yake weka kabati za vitabu, meza na viti vya kusomea na kuandikia, na kasha moja au mawili. Makasha husahauliwa mara nyingi, kumbe ndimo karatasi tupu zinamohifadhiwa zikisubiri mwandishi. Katika maelezo ya maktaba utaona pia mahali pa kuweka idadi ya vifaa vya kuandikia unavyotaka viwepo daima; iongeze ilingane na idadi ya wasomi wako. Kuchonga na kulainisha kuta kunapandisha thamani ya mahali, lakini kazi hiyo inaweza kungoja.

Hatua ya nne: chagua watu

Maktaba ina nafasi mbili za kazi, mwanazuoni na mnakili, na wote wawili unawateua kutoka katika orodha ya maktaba yenyewe. Usimteue yeyote aliyekaa bure. Fungua maelezo ya tabia ya kila unayemfikiria na utafute anayethamini elimu, mwenye udadisi, na mwenye mwelekeo wa kupenda mambo ya kufikirika. Kwa upande wa akili, uwezo wa kuchanganua ndio ninaoutazama kwanza, kisha kumbukumbu na ubunifu. Mtu anayeidharau elimu atakaa katika kiti chake cha uanazuoni bila kuridhika, nawe utakuwa umempoteza mchimbaji mzuri bila faida.

Kila mwanazuoni hukuza ujuzi wake kadiri anavyotafakari: fikra tunduizi, mantiki, hisabati, elimu ya nyota, kemia, jiografia, uhandisi wa vimiminika na uhandisi wa vifaa vya macho. Hutaweza kumwamuru atafakari lipi. Unachoweza ni kumpa wakati. Mvue kazi nyingine zote, hasa ubebaji wa mizigo, ambao ndio unaowala wasomi wengi kimyakimya: kibeti anayeitwa kubeba jiwe kila anapoketi hatafika popote. Vilevile usimweke mmoja peke yake. Wanazuoni hujadiliana, na katika mjadala elimu ya mmoja humfikia mwenzake, kwa hiyo ngome yenye wanazuoni watatu au wanne wanaokutana chumba kimoja ina akiba ya kila walichogundua katika vichwa kadhaa. Kwa ngome ya watu themanini mimi huweka wanazuoni wanne na wanakili wawili.

Ugunduzi ukitokea utatangazwa katika taarifa za ngome. Usitarajie uwe wa haraka. Miaka miwili ya mchezo inaweza kupita kabla ya taarifa ya kwanza, na huo ndio wakati ambao wachezaji wengi hukata tamaa na kuwarudisha wasomi mgodini.

Hatua ya tano: usiwaache wanakili wakae bure

Katika ngome yangu ya tatu alikuwapo mwanazuoni mmoja mwanamke aliyefikia fikra ya jua kuwa katikati. Niliiona taarifa, nikafurahi, nikaendelea kushughulikia mfereji niliokuwa nikiuchimba. Kasha la maktaba halikuwa na daftari hata moja, kwa sababu mkia wa nguruwe wote ulikuwa umekwenda kwenye pombe. Majira ya baridi maji ya mfereji ule yalivunja ukuta, naye alikuwa miongoni mwa waliozama. Alikuwa mwanazuoni wangu pekee, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyejadiliana naye. Ngome ile niliicheza miaka mingine kumi na mmoja, na fikra ile haikupatikana tena.

Tangu siku hiyo kila ugunduzi unapotangazwa nasimamisha mchezo na kwenda kuhesabu madaftari. Kisha nahakikisha wanakili wana kazi. Mnakili huchukua kilichokwisha kuandikwa na kukiandika upya katika daftari au gombo jingine, na nakala hiyo ndiyo inayokuwezesha kuuza kitabu kwa msafara wa wafanyabiashara bila kuipoteza elimu yake, au kuanzisha maktaba ya pili upande mwingine wa ngome. Vibeti wengine wasio wanazuoni nao huja kusoma wakiwa na nafasi, wakajifunza mada zilizomo, kwa hiyo nakala nyingi zina maana ya vichwa vingi.

Hatua ya sita: fungua milango, ukiwa macho

Ruhusu wageni wote waingie maktabani. Wanazuoni wasafiri kutoka kwa binadamu na mataifa mengine watakuja, wasome vitabu vyako, wajadiliane na watu wako, na baadhi yao wataleta ombi la kukaa ngomeni kwa ajili ya masomo. Lipokee ombi hilo. Mgeni mmoja anaweza kuja na mada ambazo wasomi wako wangezitafuta kwa kizazi kizima. Nunua pia vitabu kutoka kwa kila msafara, hata kama bei yake inaonekana kubwa.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, tangu toleo la mwaka 2020 wageni wengine huwa majasusi wanaotafuta vitu vya thamani, kwa hiyo usiiweke maktaba karibu na hazina. La pili ni zito zaidi: vipo vitabu vilivyoandikwa na wafufuaji wa wafu, vyenye siri za uhai na mauti, na kibeti yeyote anayekisoma kitabu cha namna hiyo huipata siri hiyo na kuwa mfufuaji yeye mwenyewe. Soma maelezo ya yaliyomo katika kila kitabu kigeni kabla ya kukiruhusu kiingie rafuni.

Hatua ya saba: isome historia uliyoiandika

Hifadhi nakala ya mchezo wako, kisha katika nakala hiyo istaafishe ngome na ufungue sehemu ya historia ya dunia. Tafuta jina la mwanazuoni wako. Mchezo unatofautisha aliyekuwa wa kwanza kabisa duniani kugundua jambo na aliyeligundua kivyake wakati wengine walikwisha kulijua, na tofauti hiyo imeandikwa wazi pamoja na mwaka. Fuata kutoka hapo jina la kitabu alichoandika, uone kama nakala yake imefika katika maktaba nyingine. Katika ngome yangu ya sasa mwanajiografia wangu aliandika juu ya chanzo cha mvua mwaka wa 112 wa dunia ile, nikaiuza nakala moja kwa msafara wa binadamu bila kufikiri sana. Nilipoitafuta historia yake baadaye, nilimkuta ametajwa kuwa wa kwanza kabisa.